Kabla Hujafungua Bolti ya Kwanza: Niliyojifunza Nikifufua Mercedes-Benz 280 SE

Anayenunua gari la kale la kifahari kwa mara ya kwanza hukimbilia kutafuta fundi. Nami nilifanya hivyo, na leo ningekushauri uanze kwa kutafuta kalamu, daftari, tochi na kitambaa cha kufutia vumbi, kwa sababu kabla gari halijaguswa na spana linapaswa kusomwa. Gari langu ni Mercedes-Benz 280 SE ya mwaka 1970, ya aina ambayo kiwanda kiliipa namba 108, na nililikuta Dar es Salaam limeegeshwa chini ya mwembe tangu mwenyewe alipofariki. Kwa wazee wetu, gari la namna hii lilikuwa la mawaziri na wafanyabiashara wakubwa, na sisi tuliolelewa na Kiswahili hatuhitaji kuelezwa neno Wabenzi lilitoka wapi. Hadhi hiyo ya zamani, hata hivyo, haikusaidii kupata kipuri hata kimoja. Kinachosaidia ni namba.

Namba ya chesisi ya gari hili huanza na 108.018, ambayo ndiyo alama ya 280 SE ya bodi fupi. Baada yake huja tarakimu mbili ambazo wageni wengi huziruka: ya kwanza ikiwa 1, gari lilitoka kiwandani na usukani wa kushoto, na ikiwa 2, usukani ni wa kulia, ya pili ikiwa 0, gia ni za mkono, na ikiwa 2, ni za otomatiki. Langu lina 22. Injini nayo ina namba yake, inayoanza na 130.980, na ikiwa ya kwako inaanza kwa namba tofauti, ujue injini imewahi kubadilishwa, jambo linaloathiri thamani ya gari na vilevile vipuri utakavyoagiza. Kwenye chuma cha mbele kinachoshika rejeta kuna kibati chenye msimbo wa rangi na wa vifaa vya ziada. Kisafishe taratibu kwa kitambaa chenye unyevu, wala usithubutu kukipiga msasa. Changu kilionyesha 904, yaani buluu iliyokolea ya usiku, ilhali gari lote lilikuwa limepakwa rangi nyeupe. Nilipoinua zulia la buti nikaikuta buluu ile bado ipo, imetulia chini ya vumbi. Ukiwa na uthibitisho wa umiliki, unaweza pia kuomba nakala ya kadi ya kumbukumbu ya gari lako kutoka idara ya magari ya kale ya kampuni yenyewe, ambayo kituo chake kilianzishwa Fellbach, karibu na Stuttgart, mwaka 1993.

Niliyapuuza hayo mwanzoni, na gharama yake niliilipa. Niliagiza boksi la usukani kutoka kwa muuzaji wa ng'ambo ambaye tangazo lake lilisema linafaa kwa 108 zote. Lilipofika, baada ya kulipia usafiri na ushuru, lilikuwa la usukani wa kushoto. Kwa sisi wa Tanzania, Kenya na Uganda, tunaoendesha upande wa kushoto wa barabara, hili ndilo tatizo kubwa kuliko yote, kwa kuwa sehemu kubwa ya magari haya ilitengenezwa kwa ajili ya Ujerumani, Marekani na nchi nyingine zenye usukani wa kushoto. Dashibodi, mitambo ya waipa, boksi la usukani na fito zake havibadilishiki kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Vitu hivyo vitafute Uingereza, Australia au Afrika Kusini, ambako kiwanda cha East London kimeunganisha Mercedes-Benz kwa miongo mingi, na uvitafute kwanza, hata kama gari lako bado halina sakafu.

Kuhusu mpangilio huo nina msimamo usioyumba. Wengi huanza na injini kwa kuwa ndiyo yenye sauti, kisha rangi kwa kuwa ndiyo inayoonekana, halafu gari hukaa miaka mitatu gereji likisubiri kipande cha kromu cha urefu wa mkono. Injini ya silinda sita ya lita 2.8 inapatikana, na vipuri vyake bado vinatengenezwa, ingawa bei yake imepandishwa na wenye 280 SL, lile gari dogo la wazi lililotumia injini ya jamii hiyo hiyo. Vinavyoua mradi ni vidogo: nembo, lenzi za taa za nyuma, vishikio vya milango, saa ya dashibodi, mipira ya vioo, vipande vya mbao. Tembea kuzunguka gari ukiwa na daftari, andika kila kinachokosekana ndani na nje, na usilipe shilingi ya rangi mpaka nusu ya orodha hiyo iwe imepatikana.

Vipuri vya kampuni hii hubeba namba yenye herufi A na tarakimu 10. Tatu za kwanza hutaja aina ya gari ambayo kipuri kilibuniwa kwa ajili yake, na zinazofuata hutaja kundi: 42 ni breki, 46 ni usukani, 88 ni bampa, grili na madigadi. Usishtuke ukikuta kipuri cha gari lako kinaanza na 111 badala ya 108, kwa maana gari hili lilirithi vitu vingi kutoka kwa 111, lile lenye mapezi nyuma lililoanza kutengenezwa mwaka 1959. (Mojawapo ya 111 hizo, 220 SE, ndiyo iliyoshinda Safari Rally mwaka 1961.) Ukijua hilo, mkweche wa 111 uliosahaulika nyuma ya gereji ya mtu unageuka kuwa ghala. Mikweche ya hapa kwetu ina thamani ya pekee, kwa kuwa kuingiza gari zima kuukuu ili ulichinje kwa vipuri si jambo rahisi. Kenya, kwa mfano, hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye umri wa zaidi ya miaka 8.

Neno orijino nalo linahitaji kufafanuliwa, kwa sababu madukani hutamkwa kwa wepesi sana. Kiwanda hakikutengeneza kila kitu chenyewe: breki zilitoka ATE, vifaa vya umeme na injekta Bosch, rejeta Behr, mita VDO, redio Becker. Kipuri kilichomo kwenye boksi la kampuni kama hizo mara nyingi ni kile kile, ila hakina nyota na bei yake ni nafuu. Kwa breki na usukani sinunui kisicho na jina la mtengenezaji. Kwa vitu vinavyoonekana, ninakarabati cha zamani kabla ya kununua kipya cha kuiga, maana mpira au kromu ya kuiga hukosa umbo kwa milimita chache, na milimita hizo huonekana kila siku. Kuwa mwangalifu tu na sehemu za aloi ya zinki: zikishaliwa hufanya vijishimo ambavyo asidi ya kuondolea kromu huvipanua, hivyo mpe kazi hiyo fundi aliyewahi kuifanya, umwombe akuonyeshe alichokwisha kukifanya.

Usitupe chochote. Kila bolti iwekwe kwenye mfuko wake wa nailoni wenye karatasi ya maelezo, na kila hatua ya kufungua ipigwe picha pande mbili. Hata bomba lililooza lina faida, kwani ndilo linalomwonyesha fundi namna ya kukunja jipya.

Kwa gari lililokaa pwani, upepo wa chumvi hufanya kazi usiyoiona. Bodi hii haina fremu iliyo kando nayo, yenyewe ndiyo inayobeba gari, kwa hiyo kutu ya chini ya milango ni kutu ya uti wa mgongo. Chunguza nyuma ya taa za mbele, sehemu za kuwekea jeki, sakafu, na pembe za buti, ukitumia sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa: isiposhika, chini ya rangi kuna puti, ule uji mgumu wa kuzibia mashimo ya bodi. Kabla ya kuwasha injini, safisha tangi la mafuta, kwa kuwa pampu ya injekta ina vipistoni sita vilivyosagwa kwa usahihi mkubwa, na chembe za kutu huviharibu.

Cha mwisho nilichofunga ni vifuniko vya magurudumu. Kiwandani sehemu ya katikati ilipakwa rangi ya bodi. Fundi wangu aliziba kromu kwa karatasi ya gundi, akapuliza 904, na tukasubiri ikauke.