Usianze na nyuso: kusoma michoro ya Kiholanzi ya muziki na mahaba

Msomaji ameuliza: katika michoro ya Kiholanzi ya karne ya 17, binti anapiga kinanda na kijana amesimama kando, mtu atajuaje kama wanapendana au wanafundishana muziki tu? Inauma kuona swali hili linavyojibiwa kila mara: "penye ala pana mapenzi," basi. Acheni haraka, ndugu zangu. Nyuso za watu hawa mara nyingi hazisemi kitu. Anza na ala isiyopigwa.

Chukua Somo la Muziki la Johannes Vermeer, la miaka ya 1660. Binti ametupa mgongo, yuko mbele ya virginali, kinanda ambacho nyuzi zake hudonolewa na vipande vya unyoya. Nyuma yake viola da gamba, ala kubwa ya nyuzi inayopigwa kwa upinde, imelala sakafuni, haina mpigaji. Mshairi Jacob Cats, katika kitabu chake cha mafumbo ya picha cha mwaka 1618, alionyesha mtu anapiga udi huku udi mwingine umelala kando. Tia udi huu na ule katika sauti moja, dona uzi wa huu, na uzi wa ule utatetemeka bila kuguswa. Ndivyo alivyoueleza moyo unaopenda. (Wapenzi wa taarabu mtafurahi: luit, jina la Kiholanzi la ala hiyo, asili yake ni Kiarabu, al-ud.)

Halafu tazama kioo kilicho juu ya kinanda. Chumbani kichwa cha binti kimeelekea kazi yake. Kiooni uso umegeukia kwa kijana. Mwisho soma kifuniko cha kinanda. Kilatini chake chasema muziki ni mwenzi wa furaha na dawa ya huzuni.

Wengi hupotea kwenye picha za ukutani. Katika Tamasha la Vermeer umetundikwa mchoro wa Dirck van Baburen wa 1622: kahaba na udi wake, mteja, na kuwadi kizee anayedai malipo. Watu wakiuona huwahukumu wote waliomo chumbani. Kumbuka mchoro huo ulikuwa mali ya Maria Thins, mama mkwe wa Vermeer. Kisha linganisha mikono. Kwa Baburen mwanamume amemkumbatia mwanamke. Chini yake, watatu wanaopiga na kuimba hawagusani kabisa. Naona hapo tofauti inakusudiwa, si shutuma. Tafuta nakala kubwa ya mchoro wa Tamasha, maana wenyewe uliibwa Boston mwezi Machi 1990 na haujapatikana.

Usisahau mlango. Katika mchoro wa Jan Steen wa 1659, ulioko National Gallery, London, binti anapiga na kijana ameegemea kinanda akimtazama. Ukiishia kwao utadhani yeye ni msikilizaji tu. Nyuma kabisa mtoto mtumishi anaingia na teobo, udi wenye shingo ndefu: ala ya pili ndiyo kwanza inaletwa.