Maswali ya Wasomaji: Kwa nini mikono ya galaksi haijiviringi ikaisha?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa fizikia katika shule ya sekondari wilayani Pangani. Nimebandika darasani picha nne za galaksi za msokoto, yaani makundi makubwa ya nyota yenye mikono iliyojiviringa kuzunguka kitovu, na tangu siku hiyo wanafunzi wamenibana kwa maswali. Ikiwa nyota za karibu na kitovu humaliza mzunguko mapema kuliko za pembeni, kwa nini mikono ile haijajiviringa kama uzi kwenye bobini ya cherehani hadi ikapotea? Kwa nini kila galaksi ina sura yake? Je, rangi zile ni za kweli? Na je, tunaweza kuona hata moja bila darubini?

JIBU: Mwalimu, wape wanafunzi wako pongezi zangu, kwa sababu swali lao la kwanza liliwasumbua wanafalaki kwa miaka mingi, na ndilo nitakalolijibu kwa kirefu.

Mtu wa kwanza kuutambua msokoto alikuwa William Parsons, Lodi wa Rosse, ambaye mwaka 1845 huko Birr, nchini Ireland, alielekeza darubini yenye kioo cha upana wa karibu meta 1.8 kwenye doa hafifu ambalo leo twaliita M51. Kwa kuwa hakuwa na kamera, alichora kwa mkono alichokiona: kitovu chenye mwanga, mikono miwili inayokizunguka, na doa jingine dogo kwenye ncha ya mkono mmoja. Ukiuweka mchoro ule kando ya picha iliyopigwa na darubini ya anga ya Hubble, utaitambua galaksi ileile mara moja.

Wanafunzi wako wamehesabu vizuri. Jua letu liko umbali wa takriban miaka nuru 26,000 (mwaka nuru ni umbali ambao mwanga huusafiri kwa mwaka mmoja) kutoka kitovu cha galaksi yetu ya Njia Nyeupe, na hukizunguka kitovu hicho kwa muda wa miaka milioni 230 hivi, maana yake tangu lizaliwe limekwisha kuzunguka mara 20 au karibu na hapo. Tena, mwaka 1970 wanafalaki Vera Rubin na Kent Ford walionyesha kwamba katika galaksi ya Andromeda nyota za mbali hukimbia kwa kasi inayokaribiana na ya zile za ndani, na kwa kuwa njia yao ni ndefu zaidi, hubaki nyuma kila mzunguko. Kama mkono ungekuwa mstari wa nyota zilezile, mizunguko michache tu ingetosha kuukaza hadi usionekane.

Jibu ni kwamba mkono haumiliki nyota zake. Fikirini lori lenye shehena nzito linalopanda mlima Kitonga. Nyuma yake hujipanga foleni ya mabasi na magari madogo. Gari la mbele likipata nafasi hupita na kwenda zake, na jingine hufika nyuma na kujiunga. Mtu aliyesimama juu ya kilima huiona foleni ikipanda polepole saa nzima, ilhali magari yaliyomo si yale aliyoyaona mwanzoni. Wanasayansi C. C. Lin na Frank Shu waliueleza mkono wa galaksi kwa namna hiyo mwaka 1964: ni wimbi la msongamano, ambalo nyota na gesi huliingia, hupunguza mwendo kidogo, kisha hutoka upande wa pili.

Hapa ndipo uzuri wenyewe unapozaliwa, na kwangu mimi hii ndiyo sehemu inayostahili kurudiwa darasani. Gesi inapoingia kwenye msongamano hubanwa, mawingu yake huanguka ndani kwa uzito wake, na nyota mpya huwaka. Zilizo kubwa kuliko zote ni za moto mkali na rangi ya buluu, lakini huteketeza fueli yao kwa miaka milioni chache tu, kwa hiyo hufa kabla hazijapata muda wa kwenda mbali na mahali zilipozaliwa. Nyota ndogo kama Jua letu huishi muda mrefu, hutoka mkononi na kutawanyika kila mahali. Basi nafasi tunayoiona kama giza kati ya mkono na mkono imejaa nyota vilevile. Kilichokosekana pale ni zile kubwa za buluu.

Nadharia hii haielezi kila galaksi. M51 ina jirani anayeivuta, lile doa dogo alilolichora Rosse, na mvuto huo umechangia kuichonga mikono yake miwili inayoonekana wazi. Galaksi ya NGC 4414, kwa upande mwingine, haina mkono unaoweza kuufuata kwa kidole kutoka mwanzo hadi mwisho: ina vipande vifupi vingi, kama pamba iliyochambuliwa. Wataalamu wangali wanajadiliana ni mikono mingapi hudumu na mingapi huvunjika na kuundwa upya.

Kuhusu sura, mwanafalaki Edwin Hubble alizipanga galaksi hizi mwaka 1926 kwa kutazama ukubwa wa kitovu na jinsi mikono ilivyokazwa. Zenye kitovu kinene huwa na mikono iliyobana. Zenye kitovu kidogo huwa na mikono iliyofunguka, kama M33. Nyingine, kama NGC 1300, zina mhimili ulionyooka wa nyota unaokatiza kitovu, na mikono huanzia kwenye ncha zake. Njia Nyeupe nayo ina mhimili huo. Pembe tunayotazamia hubadili mengi pia: sinia ukilishika wima mbele ya uso huonekana duara, ukililaza usawa wa macho huwa mstari. M104 tunaiona karibu kwa ubavu, ndiyo maana ina umbo la kofia pana yenye ukanda mweusi wa vumbi.

Rangi zina msingi wa kweli. Kamera za darubini kama Hubble hupiga picha za nyeusi na nyeupe kupitia vichujio mbalimbali, kisha kila moja hupewa rangi na kuunganishwa. Manjano ya kitovu hutokana na nyota za kale, buluu na nyota changa, waridi na gesi ya haidrojeni iliyopashwa moto, hudhurungi na vumbi. Picha za darubini ya James Webb ni jambo jingine, kwa sababu sehemu kubwa ya mwanga inaoupokea ni infraredi isiyoonekana kwa jicho, na rangi zake ni tafsiri.

Kuhusu swali la mwisho, ndiyo, mnaweza. Katikati ya Novemba, usiku usio na mwezi, nendeni mahali pasipo na taa kwenye saa tatu usiku na mtazame kaskazini. Juu mtaona nyota nne zilizofanya mraba mkubwa, ambao ni wa kundi la nyota liitwalo Pegasus. Kutoka pembe yake ya chini upande wa kulia, fuateni nyota zinazoshuka kuelekea kulia hadi nyota angavu iitwayo Mirach, kisha mgeuke kushoto na chini kupitia nyota mbili hafifu, umbali usiozidi upana wa ngumi ya mkono ulionyooshwa. Hapo pana ukungu mdogo mrefu. Ni Andromeda, ambayo mwanafalaki Abd al-Rahman al-Sufi aliiandika kuwa wingu dogo mwaka 964, na nuru mtakayoiona iliondoka huko miaka milioni 2.5 iliyopita. Jicho litapata sehemu ya katikati tu. Mikono huhitaji kamera. Acheni macho yazoee giza kwa dakika 20, simu zote zikiwa zimezimwa, na msiikazie macho moja kwa moja: tazameni pembeni yake kidogo, itajitokeza.