Mlio sio mbio: jibu kwa mwenye Boxer anayetaka iwe ya kisporti

SWALI: Shikamoo fundi. Naishi Goba, nina pikipiki Boxer 150 ya kuendea kazini Posta, sio ya bodaboda. Nataka ikae kisporti. Nimepanga kuweka ekzosi ya resi, ea klina ya koni, CDI ya resi (kile kisanduku cha umeme kinachopanga cheche ya plagi) na tairi pana ya nyuma, ya milimita 130. Muuzaji mmoja Kariakoo kaniambia vikikaa vyote vinne inagonga kilomita 140 kwa saa. Nina laki sita. Nianze na kipi, na kipi naweza kuchukua cha kopi bila shida?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Hiyo orodha yako naijua kwa kichwa, wiki haiishi hajaja kijana kijiweni na vitu hivyohivyo vinne tena kwa mpangilio huohuo, mpaka najiuliza kama kuna mtu mmoja anawaandikia wote. Sitakueleza ekzosi ni nini wala CDI inakaa wapi, pikipiki yako unaonekana unaijua. Tuongee hiyo 140.

Boxer yako ni cc 144.8, ina nguvu farasi 12 hivi, hapo ikiwa na afya. Ukiilalia tenki, barabara tambarare, upepo umetulia, inakufikisha 100 na kidogo. Sasa upepo una tabia moja ambayo huyo muuzaji hajakwambia, au hajui: spidi ikizidi mara mbili, nguvu ya kuupasua inatakiwa mara nane. Nane, sio mbili. Kwahiyo kutoka 100 kwenda 140 unatafuta nguvu karibu mara tatu ya uliyonayo, yaani farasi 30 na ushee, kwenye injini ndogo inayopozwa na upepo tu. Yamaha wenyewe na mainjinia wao wote, R15 yao ya cc 155 yenye rejeta, valvu nne na gia sita wameitoa na farasi 18 na kitu. Alafu mtu wa kaunta Kariakoo akuuzie bomba na koni ya sponji umpite Yamaha? Haya bwana.

Ila 140 sio inayoniudhi, ile ni biashara, mtu anatafuta ugali. Kinachoniudhi ni hii imani kwamba mlio ndo nguvu. Imeingia vichwani mpaka mtu akifunga ekzosi ya kelele anakuja kunishuhudia kabisa, fundi inaenda sasa hivi, usipime. Nikimwambia washa GPS ya simu, piga barabara ileile uliyopiga jana, namba inakuja ileile na wengine inashuka, anasema simu mbovu. Sikio linadanganya, pikipiki ikipiga kelele sikioni 70 inakaa kama 90.

Iko hivi. Kabureta yako jeti zake, vile vitundu vya kupitishia petroli, zimepimwa kiwandani kwa ekzosi ile na ea klina ile, vitatu hivyo ni ndugu. Ukiifungua nyuma ukaweka bomba tupu, alafu ukaifungua mbele ukaweka koni, hewa inapita kwa wingi na petroli inabaki ilivyokuwa, sasa kunaungua mchanganyiko mkavu, hewa nyingi mafuta machache, na mchanganyiko mkavu ni joto. Joto lenyewe hulioni. Unachosikia ni ile pa-pa-pa ukiachia mkono wa mafuta, ambayo washkaji wanaishangilia, kumbe ni petroli uliyoilipia sheli inawakia kwenye bomba badala ya kuwakia juu ya pistoni.

Alikuja kijana wa Sinza na Boxer kama yako. Ekzosi ameitoa utumbo wote, ea klina ya kiwandani katupa, kavalisha koni nyekundu. Analalamika inakufa nguvu akipandisha Kimara na mguu wa kulia unaungua. Nikachomoa plagi hata hajamaliza kuongea. Nyeupe kama chaki, ncha imeanza kuliwa. Plagi ya injini yenye afya rangi yake ni ya chai ya maziwa iliyokolea, hiyo ikariri, itakusaidia kuliko kitu chochote utakachouziwa. Nikamwambia pikipiki ilale hapa. Akasema ana safari ya Kibaha kesho, Jumatatu atarudi. Jumatatu karudi kweli, na kirikuu. Pistoni imepanuka kwa joto ikakamata silinda, niliitoa kwa kuigongagonga na kipande cha mbao, upande wa ekzosi imechanika mistari mirefu kama samaki aliyechanjwa anasubiri mafuta yachemke, ringi zimebanwa kwenye mifereji yake hazisogei. Ile pistoni ninayo mpaka leo, nimeitundika msumarini juu ya meza kwa waya wa klachi, na kila anayekuja na habari za ekzosi naishusha namwekea kiganjani kwanza ndo tuongee bei.

Inawezekana kufanya vizuri? Inawezekana. Unaweka ekzosi, unanunua jeti kubwa kidogo, unapanda saizi mojamoja, unakimbiza, unachomoa plagi unaisoma, unapanda tena au unashuka. Kazi ya siku nzima hiyo na fundi mwenye subira, na utakachopata ni kidogo tena kwenye mizunguko ya juu ya injini huko, huku chini unaweza hata kupoteza. We asubuhi ukitoka Goba kuja mjini kwenye foleni ya Mwenge unatumia mizunguko ya juu saa ngapi?

Koni yenyewe sitaki hata kuongea sana. Zile koni za bei rahisi ni sponji yenye matundu, na Goba unaijua vumbi lake ukiacha lami. Vumbi ni mchanga, na mchanga ukiingia kwenye silinda ni msasa, ringi zinaisha, oili inapanda, moshi wa bluu. Bado mvua, siku maji yamejaa Jangwani na koni yako iko uchi hapo chini ya siti inarushiwa na tairi. Acha ea klina ya kiwandani, isafishe, ikichoka nunua kama hiyohiyo, basi.

CDI ya resi kazi yake kubwa ni kuondoa kizuizi cha mizunguko. Kile kizuizi hakikuwekwa kukunyanyasa, kiliwekwa kwasababu ikizidi pale springi za valvu zinashindwa kurudisha valvu kwa wakati na pistoni inakuja kuikuta valvu iko wazi. Na nguvu ya injini yako inakuwa ishafika kileleni ikaanza kushuka kabla ya hapo, kwahiyo unalipia mizunguko isiyo na kitu. Pita.

Tairi 130 sasa. Rimu yako ni nyembamba, imetengenezwa kubeba 3.00-17, ambayo ni milimita 76 hivi. Ukibananisha 130 pale kingo zinavutwa ndani, tairi inakuwa duara kama chungwa, katikati pametuna na pembeni pamesimama, ukilaza kona inaanguka ghafla badala ya kushuka taratibu. Cheni nayo inaanza kulamba ubavu wa tairi, fundi fulani anakwambia usijali anakuwekea washa, kipete cha chuma, kwenye sproketi, lile gurudumu la meno linalobeba cheni, sasa cheni inakwenda upande na beringi zinakula mzigo ambao sio wao. Ukitaka kupanua panda kidogo, 80/100-17, au 90/90-17 lakini pima rimu kwanza na uangalie nafasi ya cheni. Haitakaa kama R1, ile Yamaha kubwa ya resi, ukiiangalia kwa nyuma. Najua.

Sproketi hujaniuliza, ila ukienda na orodha hiyo watakuuzia na hiyo, kwahiyo sikiliza. Tuseme mbele una meno 14 na nyuma 42, gawanya unapata 3. Ukiweka 15 mbele unapata 2.8, tairi inazunguka haraka zaidi kwa asilimia 7 hivi kwa mizunguko ileile ya injini. Muuzaji anaishia hapo. Hakwambii kwamba na msukumo umepungua kwa kiasi hichohicho, na kwa farasi 12 ukikutana na upepo wa baharini pale Daraja la Tanzanite gia ya mwisho haivuti, injini haifiki pale penye nguvu yake, unarudi gia ya chini na spidi ya mwisho inakuwa ndogo kuliko jana. Mtu anayeendesha mjini kama we, ukitaka pikipiki iwe na hamu ya kuondoka kwenye taa, ongeza meno mawili nyuma. Ndo badiliko pekee la bei ndogo ambalo utalisikia matakoni sio masikioni, ila spidi ya mwisho utaipunguza kidogo na injini itazunguka zaidi ukiwa njia ndefu. Vyote viwili hupati, ukipata kimoja shukuru. Na badilisha sproketi zote mbili na cheni kwa pamoja, cheni iliyovutika inakula meno mapya kama mahindi.

Kwahiyo hiyo laki sita. Mi ningeanza na tairi mbili nzuri, mbele na nyuma. Sio pana, nzuri. Ubavuni kwenye duara refu kuna namba nne za mwisho, 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019, na tairi iliyokaa stoo miaka mpira unakauka hata kama vinyweleo bado vipo na imepakwa king'arishi. Bonyeza na ukucha, ikiwa ngumu kama ndala ya plastiki rudisha. Siku ya manyunyu ya kwanza pale kwenye taa ambapo daladala zinamwaga oili utajua kwanini nilianza na hapa.

Alafu breki. Boxer yako ya dramu mbele na nyuma ikifunguliwa, ikasafishwa vumbi, kemu, kile chuma kinachosukuma shuu, ikapakwa grisi kidogo sana, waya mpya na shuu za ukweli, inasimama vizuri kuliko unavyodhani. Ukitaka kwenda mbio zaidi kumbuka kutoka 60 kwenda 80 umbali wa kusimama ni karibu mara mbili, na hapo ni breki yenyewe, bado ule muda wa kushtuka. Diski kwenye forki yako usichomelewe. Nimeona kishikio cha kalipa, ile inayobana diski, kimechomelewa kwenye forki na mtu wa mageti. Mageti!

Baada ya hapo shokapu za mbele, mwaga oili ile nyeusi iliyokuwemo tangu ulipoinunua, weka ya shokapu kwa kipimo sawa pande zote mbili, badilisha sili kama zinavuja. Hiyo peke yake inabadilisha pikipiki kwenye kona kuliko kila kitu kwenye orodha yako. Ikibaki hela fanya urembo, siti, taa, usukani mfupi, ila usukani ukishafungwa uzungushe kulia mpaka mwisho na kushoto mpaka mwisho huku injini inanguruma, mzunguko ukipanda wenyewe waya wa mafuta unavutwa, usitoke hapo kwa fundi.

Umeuliza kopi ipi haina shida. Urembo, saiti mira, vioo vya taa, pedo, hivyo chukua kopi ulale usingizi. Kinachosimamisha, kinachozunguka na kinachoungua ndani usichukue. Nimefungua dramu nikakuta shuu ya kopi lainingi imebanduka kwenye gundi imejikunja humo ndani kama ganda la ndizi, mwenye pikipiki alikuja analalamika breki zinapiga kelele.

Na kwasababu utapita hukohuko, jiandae na wale wengine. Kuna wa nafthalini, anakwambia tumbukiza vidonge viwili vya kabatini kwenye tenki inakuwa kali. Kuna anayeuza kidumu cha "mafuta ya ndege" na hakuna ndege iliyomuuzia. Injini yako mgandamizo wake ni wa chini, petroli ya kawaida ya sheli inaitosha, oktani ya ziada haina cha kufanya humo ndani, na nafthalini itakuachia uchafu kwenye kabureta. Kuna wa sumaku ya kufunga kwenye mpira wa mafuta, na siku hizi kuna wa plagi ya irediamu yenye "farasi mbili ndani". Plagi inawasha moto, haitengenezi nguvu. Wote hawa utawajua kwa kitu kimoja, hakuna atakayekubali umlipe baada ya kupima. Mwambie nafunga, nakimbiza na GPS, ikiongezeka narudi na hela yako. Angalia atakavyoanza kupanga spea kwenye shelfu.

Mjini hapa sheria ni 50 mzee, na bodaboda anachomoka kushoto bila indiketa, mtoto anauza maji katikati ya foleni. Sina hamu ya kupokea simu kwamba yule wa Goba kapata ajali, nimepokea za kutosha.

Najua ekzosi utanunua tu, umri wako na mimi niliununua ujinga huohuo. Basi usikubali kumwachia muuzaji ile ya kiwandani kama sehemu ya malipo, wanapenda sana huo mchezo maana wanajua utaitafuta. Ifunge kwenye kiroba na ea klina yake, weka uvunguni, na ukishafunga hilo bomba lako kimbiza kilomita kumi, zima kwa swichi ukiwa kwenye mwendo na klachi umeibana, simama pembeni, subiri ipoe, alafu chomoa plagi unipigie picha kabla hujaenda popote.