Kuotesha mkorosho kwa mbegu nyumbani, hapa Mwanza inawezekana kabisa

Mdau kauliza mbona korosho alizonunua kwa machinga pale Nyegezi kazifukia kwenye kopo na hakuna hata moja iliyochomoza. Mkuu hizo zimeshabanguliwa na kukaangwa, hapo huna mbegu. Tafuta korosho ghafi yenye ganda lake, mi huwa naagiza kwa ndugu aliyeko Masasi ananitumia kwenye basi, na uzuri wake kule wanavuna kuanzia mwezi wa 10 hivi, yaani mbegu mpya inafika Mwanza vuli ikiwa imeshaanza.

Zikifika zimwage kwenye ndoo ya maji, zinazoelea tupa, zilizozama ndo zenyewe, ziache humo siku moja mpaka mbili ukibadilisha maji. Na watoto wasizing'ate jamani, ganda lina mafuta makali yanababua midomo na ngozi vibaya sana.

Sasa kopo. Mkorosho unashusha mzizi mkuu chini haraka kuliko unavyopanda juu, ukikuta kitako cha kopo unajikunja na mti unadumaa, kwahiyo ushauri wangu panda moja kwa moja shimoni. Kama lazima uanzie kwenye kiriba (kifuko cha plastiki cha kuoteshea miche) basi kiwe kirefu na uhamishe mche ungali mdogo, usiusubiri mpaka upendeze. Shimoni weka mbegu tatu zimeachana kidogo, kila moja ilale mshazari, upande uliokuwa umeshikana na bibo (lile tunda laini la mkorosho) uangalie juu, udongo wa kufunika kama sentimita 5 unatosha, baadae unabakiza mche mmoja wenye nguvu.

Baada ya wiki mbili tatu utaona ardhi inapasuka, shina limejikunja linavuta korosho yenyewe kuja juu na ganda bado limeng'ang'ania, usilibandue kwa mkono, liache lidondoke, ndani yake yanafunguka majani mawili manene mazito yamejaa chakula cha mche. Hapo ndo pa kukaa macho aisee maana kuku na panya wanayapenda mno, na yakiliwa mapema mche unabaki hauna akiba, mi nafunika na tenga mpaka majani ya kawaida yatoke.

Matunda subiri kama miaka mitatu mpaka mitano, na mti wa mbegu haufanani lazima na mama yake, anayetaka uhakika wa mazao achukue miche ya kubebesha (iliyounganishwa na kikonyo cha mti mzuri), TARI Naliendele, kituo cha utafiti wa kilimo kule Mtwara, ndo wataalamu wa korosho. Nafasi mashambani wanashauri mita 12 kwa 12, so usiubananishe na ukuta.

Udongo wetu wa luseni huku kwenye miinuko ya mawe unaufaa, ni mchanga na maji yanapita. Ila kama uko bondeni karibu na ziwa kwenye udongo mweusi unaotuamisha maji, hapo usipande, omba kona kwa jirani wa juu.