Jumanne na Jumamosi Nasoma kwa Sauti

Swali la wiki lilikuwa: "Katika zama hizi za simu na kelele, wewe umepataje kusudi la maisha?" Wahariri mniwie radhi, nitaanza kwa kulipinga kidogo. Swali limeulizwa kana kwamba kusudi limekaa mahali limejificha, na simu ndiyo pazia. Mimi pazia hilo nimelifungua mara nyingi, na nyuma yake sikukuta kitu.

Nina ushahidi. Mwaka juzi nilifuta programu zote za mitandao ya kijamii siku ya Jumapili, kwa kiapo. Jumatatu nilijiona shujaa. Jumanne jioni nilikaa kwenye kiti nikitazama ukuta, nikisubiri maisha yaniambie yananitakia nini. Maisha hayakusema neno. Jumatano nilizirudisha zote, na nikaongeza moja ambayo sikuwa nayo mwanzo.

Baadaye ndipo nilipokutana na maneno ya Blaise Pascal, mwanahisabati Mfaransa aliyefariki mwaka 1662. Aliandika kwamba taabu za watu zinatokana na kushindwa kukaa kimya chumbani peke yao. Alikuwa anazungumzia watu wa kucheza kamari, kuwinda na kupiga soga ikulu. Simu haikuwapo, wala redio. Yaani ugonjwa ni mkongwe. Kilichobadilika ni kwamba siku hizi kuna watu wanaolipwa mshahara kuhakikisha hatuponi.

Hapo sitanii. Zamani ukurasa wa intaneti ulikuwa na mwisho. Ulifika chini, ukabonyeza kwenda ukurasa wa pili, na katika sekunde ile ya kubonyeza akili ilipata nafasi ya kujiuliza: hivi nilikuja kutafuta nini huku? Mwaka 2006 mbunifu Aza Raskin alitengeneza mtindo wa ukurasa usioisha, ambao kadiri unavyoteremka ndivyo unavyojiongeza wenyewe. Miaka kadhaa baadaye alisema hadharani kwamba anajutia. Ongeza na lile alilolionyesha mwanasaikolojia B. F. Skinner kwa njiwa wake: njiwa anayepata punje bila utaratibu, mara baada ya kudonoa mara mbili, mara baada ya kudonoa arobaini, hudonoa kwa bidii na hachoki upesi. Nikiperuzi saa sita usiku najiona njiwa kabisa, ila njiwa angalau hupata punje.

Nimeyaeleza haya ili nisionekane naitetea simu. Lakini kujua namna mtego ulivyotegwa hakukunipa pa kwenda. Nilikuwa mtu aliyeuelewa mtego vizuri sana akiwa ndani yake.

Pa kwenda nilipapata kwa bahati, tena kwa kushindwa kukataa. Mwalimu mmoja mstaafu, jirani yangu, alipoteza uwezo wa kuona kwa presha ya macho. Alifundisha hisabati maisha yake yote na nyumba yake imejaa vitabu. Siku moja binti yake aliniuliza kama ningeweza kumsomea baba mara moja moja. Nilisema ndiyo huku nikitafuta udhuru kichwani. Udhuru ulichelewa, nikajikuta nimepangiwa Jumanne na Jumamosi, saa kumi na moja jioni.

Kumsomea mtu kwa sauti ni kazi ya ajabu. Macho yanatumika, mdomo unatumika, mkono umeshika kitabu. Hakuna kiungo kilichobaki cha kuchungulia simu. Wiki ya kwanza nilijaribu. Arifa iliita, jicho likateleza nusu sekunde tu, na Mwalimu akasema, "Umeruka mstari, mwanangu." Nikabisha. Akanirudisha nyuma, na kweli nilikuwa nimeruka. Mtu asiyeona alisikia jicho langu likihama. Tangu siku hiyo mkoba wenye simu hubaki mlangoni.

Kipo kitabu kimoja cha historia ya namba ambacho tumekaa nacho miezi. Tunakwenda polepole kwa sababu Mwalimu hakubali hesabu ipite bila kuipiga mwenyewe kichwani. Safari moja alinisimamisha akasema jumla iliyochapwa si sahihi. Tuliipiga upya, mimi kwa kalamu, yeye kwa midomo tu, na kitabu kilikuwa kimekosea. Alifurahi wiki nzima. Nami nilifurahi, jambo ambalo sikulitegemea, kwa kuwa shuleni hesabu na mimi hatukuwahi kupatana.

Nikitoka pale kichwa kinakuwa kimoja. Mtafiti Sophie Leroy, katika utafiti aliouchapisha mwaka 2009, alionyesha kwamba ukiacha kazi katikati ukarukia nyingine, sehemu ya akili yako hubaki kule ulikotoka. Niliposoma hayo nilielewa kwa nini siku zangu nyingi zilikuwa zinaniisha bila mimi kuwemo: nilikuwa nimejiacha vipande vipande katika mambo hamsini.

Je, kumsomea Mwalimu ndiyo kusudi la maisha yangu? Sijui kama neno kubwa hivyo linaenea kwenye saa tatu kwa wiki. Nadhani ukubwa wa neno lenyewe ni sehemu ya tatizo. Tunalitafuta kusudi kama mtu anayesubiri tangazo la kuitwa jina, na wakati tunasubiri mikono iko mitupu, na mkono mtupu huishia kwenye simu. Mimi nilichopata ni mtu anayejua nikichelewa. Na kwa sababu yupo, Jumatatu usiku nalala mapema, maana sauti ikikwama kwa usingizi atanisema. Sikupigana na simu usiku huo, niliisahau tu.

Najua wapo wanaofanya kazi kwenye simu hiyo hiyo, au wenye watoto wadogo na zamu za usiku, ambao saa tatu kwa wiki kwao ni anasa. Kwao sina ushauri, wala sitajifanya ninao. Programu zangu bado zipo zote, kama mnataka kujua, na jana nimepoteza saa nzima nikitazama watu wakiosha mazulia.

Tumefika sura ya tisa. Jumamosi Mwalimu anataka turudie ya nane, anadai niliisoma kwa haraka.