EPDS peke yake haitoshi

Mdogo wangu, umeuliza kama EPDS (dodoso la Edinburgh la kuchunguza sonona baada ya kujifungua) inatosha kupima ubora wa maisha ya mama aliyejifungua, kwa kweli haitoshi, ile ni maswali 10 ya siku 7 zilizopita na inaangalia dalili za sonona na wasiwasi tu. Ongeza WHOQOL-BREF, dodoso fupi la ubora wa maisha la Shirika la Afya Duniani (WHO), maswali 26, inagusa mwili, akili, mahusiano na mazingira anayoishi. Ila nayo haiulizi mshono kama bado unauma, maziwa yanatoka vipi, nani anampokea mtoto usiku, hayo muulize mwenyewe. Na plizi usimhoji mbele ya mama mkwe, atakujibu niko salama mwanzo mwisho. Swali la 10 la EPDS linahusu kujidhuru, akikubali hata kidogo usimwache aondoke hivihivi, mpeleke kwa daktari siku hiyohiyo.