Usianze kumpuuza mtoto kama unajua utalegea

Wewe uliyeandika kwamba kuanzia kesho utampuuza mtoto wako wa miaka 4 anayelilia simu, "na akizidi sana nitampa kidogo atulie": usianze. Hiyo "akizidi sana" ndiyo itakayokumaliza.

Mtoto akinyimwa ghafla alichozoea kukipata kwa kulia, kilio kinaweza kupanda kwanza. Sauti inakuwa kali, anajitupa sakafuni, anarusha kiatu, analeta vituko ambavyo hujawahi kuviona. Ukimpa simu dakika ya 20, hujamtuliza. Umemjulisha kwamba bei ya simu ni dakika 20 na kiatu kimoja. Kesho ataanzia hapo. Ukikaza siku tatu ukalegea ya nne, ndiyo balaa zaidi: Skinner, mwanasaikolojia wa Marekani, alishaonyesha kwa panya na njiwa kwamba tabia inayolipwa mara mojamoja ni ngumu kufa kuliko inayolipwa kila mara.

Waliokwambia "mpuuze tu, ataacha" waulize ufanyeje kilio kikipanda. Watahamia mada nyingine. (Najua watanishukia hapo chini kwenye maoni. Hao ndio wa kupuuza.)

Mimi nashika kanuni moja: kutoa au kunyima kuamuliwe kabla ya kilio, kamwe si katikati yake. Kama mko safarini na unajijua hutavumilia, mpe pale pale anapoomba kwa mdomo, machozi hayajaanza. Ukishasema hapana, ni hapana mpaka mwisho, na watu wazima wote nyumbani wawe wamekubaliana. Bibi mmoja mwenye huruma anatosha kuharibu wiki nzima. Kinachopuuzwa ni kilio, mtoto hapuuzwi: kaa karibu, usihubiri, usimkodolee macho, akitulia hata sekunde chache mwongeleshe. Akiwa ametulia, mfundishe kusema "naomba simu", na siku za mwanzo akisema hivyo mkubalie upesi, hata kwa dakika 5, aone kuomba kunalipa kuliko kupiga kelele. Kung'ata, kupiga au kujigonga kichwa hakupuuzwi kabisa. Mzuie, maneno machache, na simu hapewi.

Akinyamaza wiki kisha siku moja akaanza upya, usishtuke. Hurudi hivyo. Usimpe.

Na kwa kuwa wewe ni mwalimu na uliuliza kuhusu mwanafunzi wako anayevuruga kipindi cha hesabu tu: ukimtoa nje huenda umempa alichotaka, yaani kukwepa hesabu. Mpe maswali mawili badala ya kumi, ayamalize akiwa ndani.

Uliuliza pia kuhusu chati ya nyota, ile ya kumbandikia mtoto nyota kila anapofanya vizuri, na nini sijui. Kaongee na bibi kwanza.